Siku moja Bay of Islands: namna ya kuchagua ziara ya nchi kavu meli inapotia nanga

Ghuba hii iliyo kaskazini mwa New Zealand ni miongoni mwa vituo maarufu vya meli za utalii zinazoondoka Australia. Abiria hupewa siku moja tu, na siku yenyewe ni fupi kuliko inavyoonekana katika ratiba. Makala haya yanaeleza cha kuona, cha kuacha, na mambo ambayo familia inapaswa kuyahakikisha kabla ya kulipa.

Mambo muhimu
- Meli haifungi gatini. Abiria hushushwa kwa boti ndogo, na safari hiyo hula muda.
- Eneo la Mkataba wa Waitangi liko karibu na mahali pa kushukia, na halihitaji ziara ya gharama kubwa.
- Aliyenunua ziara kwa mwendeshaji binafsi hasubiriwi na meli akichelewa.
- Raia, mkaazi wa kudumu na mwenye viza ya muda hawako chini ya masharti yaleyale ya hati.
- Chakula, matunda na mbegu havishushwi New Zealand bila kutangazwa.

Bandari isiyo na gati la meli kubwa

Jina Bay of Islands, yaani Ghuba ya Visiwa, lilitolewa na nahodha James Cook mwaka 1769. Ghuba ina visiwa zaidi ya 140, vingi vyake vidogo na vya kijani, na maji yake yamefunikwa na rasi pande mbili. Ndiyo sababu meli zimelipenda eneo hili tangu zama za wavuvi wa nyangumi. Lakini meli ya kisasa yenye abiria maelfu haiwezi kuukaribia ufuko. Hutia nanga mbali kidogo, kisha boti zake ndogo huanza kuwavusha watu hadi gati dogo la Waitangi.

Hapo ndipo mgeni wa mara ya kwanza hukosea hesabu. Anaposoma kwamba meli itafika saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na moja na nusu jioni, hudhani amepewa saa tisa na nusu za matembezi. Tuzipige hesabu upya. Abiria hupangwa kwa makundi na kupewa nambari. Wenye ziara za meli hutangulia, wengine hufuata. Si ajabu mtu kupanda boti saa tatu na kukanyaga nchi kavu saa tatu na nusu. Jioni, kama boti ya mwisho inaondoka saa kumi na nusu, busara ni kuwa kwenye foleni saa moja kabla yake, kwa kuwa kila mtu hurudi wakati huohuo. Kwa hesabu hiyo, zile saa tisa na nusu zimebaki sita. Ziara yoyote ipimwe kwa saa hizo sita.

Upepo nao una neno la mwisho. Bahari ikichafuka, nahodha anaweza kuahirisha au kufuta kabisa kushusha abiria, na hakuna wa kumlaumu. Kwa hiyo kabla ya kumlipa mwendeshaji yeyote aliye nje ya meli, uliza swali moja na upate jibu la maandishi: meli isiposhusha watu, fedha yangu inarudi?

Saa ya nani?

New Zealand iko mbele ya Sydney kwa saa mbili. Meli nyingi hurekebisha saa zake usiku zikiwa njiani, lakini si lazima saa ya meli ilingane na ya nchi kavu. Simu ya mkononi, ikishika mtandao wa pwani, hujibadilisha yenyewe bila kuuliza. Swali la kwanza asubuhi, basi, liwe hili: leo tunafuata saa ipi? Jibu huandikwa katika karatasi ya ratiba inayoletwa chumbani kila jioni. Ni vyema mtu mmoja wa familia avae saa ya mkono iliyowekwa kwa saa ya meli, na wote wamfuate yeye.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili kuna mtego wa ziada. Tiketi itaandikwa 4:30, nasi tunaiita saa kumi na nusu. Katika nyumba moja bibi anahesabu saa za Kiswahili, mjukuu aliyesoma hapa anahesabu za Kiingereza, na mjomba aliyekulia Lubumbashi au Bujumbura anachanganya na Kifaransa. Nyumbani, tofauti hiyo huishia kwenye kicheko. Bandarini inaweza kumwacha mtu ufukweni. Mnapoagana kwenda njia tofauti, andikeni saa ya kukutana kwa tarakimu, katika karatasi au ujumbe wa simu, wala msiitaje kwa mdomo peke yake.

Waitangi: pa kuanzia

Kama mgeni ataona mahali pamoja tu, papendekezwe Waitangi. Kutoka gati dogo ni mwendo wa takriban robo saa kwa miguu hadi lango la eneo la Mkataba. Tiketi ya siku kwa kawaida hujumuisha ziara ya mwongozaji na onyesho la utamaduni. Saa tatu zinatosha kuona yote bila haraka.

Hapa ndipo, tarehe 6 Februari 1840, machifu zaidi ya 40 wa Kimaori walipotia saini mkataba na mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, William Hobson. Katika miezi iliyofuata nakala zilizungushwa nchini, na machifu zaidi ya 500 wakasaini kwa jumla. Karibu wote walisaini maandishi ya Kimaori, wala si yale ya Kiingereza. Tofauti kati ya maandishi hayo mawili ndiyo kiini cha mjadala ambao haujafungwa hadi leo.

Tafsiri ilifanywa kwa usiku mmoja. Mmisionari Henry Williams na mwanawe Edward walipewa rasimu ya Kiingereza tarehe 4 Februari, na siku iliyofuata maneno ya Kimaori yalisomwa mbele ya halaiki. Rasimu ya Kiingereza ilisema machifu wanamkabidhi Malkia mamlaka kuu ya nchi. Wafasiri walitumia neno kawanatanga. Msomaji wa Kiswahili anaweza kulielewa neno hilo bila kamusi: kawana ni gavana, lililochukuliwa kutoka Kiingereza na kupewa matamshi ya wenyeji, na kiambishi cha mwisho hufanya kazi kama u- yetu. Kwa hiyo walichokubali kutoa, kwa lugha yao, ni ugavana. Kifungu cha pili, kwa Kimaori, kiliwahakikishia tino rangatiratanga, yaani uchifu kamili, juu ya ardhi yao, vijiji vyao na vyote vya thamani kwao. Mtu anayempa mgeni ugavana huku akibaki na uchifu kamili hana sababu ya kuamini kwamba ameitoa nchi.

Mwaka 1975 New Zealand iliunda Baraza la Waitangi la kusikiliza malalamiko yanayotokana na mkataba huo. Mwaka 2014 baraza hilo lilihitimisha kwamba machifu wa kaskazini waliosaini Februari 1840 hawakukabidhi mamlaka yao kuu. Kwa wasikilizaji wanaotoka katika nchi ambazo mipaka na milki zake ziliamuliwa kwa karatasi za namna hiyo, ziara hii haihitaji maelezo mengi. Ni nadra kusimama mahali penyewe ambapo neno moja la tafsiri lilibeba uzito wa nchi nzima.

Ndani ya eneo hilo kuna majengo ya kutazamwa kwa zamu. Nyumba ya Mkataba ilijengwa miaka ya 1833 na 1834 kuwa makazi ya James Busby, mwakilishi wa Uingereza; mbao za kiunzi chake zilikatwa Sydney na kuletwa kwa meli. Mkabala wake ipo Te Whare Rūnanga, nyumba ya mikutano iliyochongwa kwa ustadi na kufunguliwa mwaka 1940, karne moja baada ya mkataba. Chini karibu na maji kuna banda la Ngātokimatawhaorua, mtumbwi wa vita wenye urefu wa takriban mita 35, unaohitaji makasia zaidi ya 70 kuuendesha. Jumba la makumbusho la Te Kōngahu lilifunguliwa mwaka 2016, na lile la Te Rau Aroha, linalowakumbuka askari wa Kimaori waliopigana katika vita vya ng'ambo, mwaka 2020. Ambaye babu yake alipelekwa Burma na kikosi cha King's African Rifles ataikuta habari anayoifahamu, ya watu waliopigania dola iliyowanyima haki kamili nyumbani kwao.

Mtumbwi nao una udugu wa mbali na Pwani yetu. Wamaori na Wamalagasi wa Madagaska wanasema lugha za ukoo mmoja, uliosambazwa na mabaharia wa kale pande zote mbili, Bahari ya Hindi na Pasifiki. Wataalamu wengi wanaamini kwamba matengo ya ngalawa yalifika Afrika Mashariki kwa njia ya mabaharia hao.

Adabu za mahali zifuatwe. Kabla ya onyesho wageni hupokewa kwa sherehe ambayo ndani yake shujaa hutokea na silaha kuwakabili. Si mchezo wa kuchekesha. Wageni hunyamaza, hawamwigi, na mmoja wao huteuliwa kuwawakilisha. Viatu huvuliwa kabla ya kuingia nyumba ya mikutano, na hakuna kula wala kunywa ndani. Yeyote aliyelelewa kuvua viatu mlangoni na kupiga hodi kabla ya kuingia hatapata taabu.

Ikiwa meli yenu itafika tarehe 6 Februari yenyewe, jueni kwamba hiyo ni sikukuu ya taifa. Umati ni mkubwa, hotuba za kisiasa ni nyingi, na utaratibu wa kawaida wa ziara hubadilika. Ni siku ya kukumbukwa kwa anayetaka kushuhudia, lakini haimfai anayetafuta utulivu.

Ng'ambo ya maji: Russell

Kutoka Waitangi hadi mji mdogo wa Paihia ni kama kilomita mbili, na kwa kawaida siku za meli huwapo mabasi ya kuwasafirisha abiria. Kutoka gati la Paihia, kivuko huchukua takriban dakika 15 hadi Russell, uliokuwa ukiitwa Kororāreka. Tiketi hununuliwa hapohapo, hivyo hii ni safari ambayo familia inaweza kuipanga yenyewe.

Mji ni mtulivu leo, lakini zamani ulikuwa na sifa ya ulevi na vurugu za mabaharia. Kanisa lake, Christ Church, lilijengwa miaka ya 1835 na 1836, na ndilo kanisa kongwe zaidi lililosalia nchini; kuta zake zina alama za risasi za mwaka 1845. Juu ya mji kiko kilima cha bendera. Chifu Hōne Heke, ambaye ndiye wa kwanza kusaini mkataba pale Waitangi, aliukata mlingoti wa bendera ya Uingereza uliosimama pale mara nne, kati ya Julai 1844 na Machi 1845. Alikuwa ameona mamlaka ya machifu yakipungua na biashara ya kaskazini ikififia baada ya serikali kuhamia Auckland na kuanza kutoza ushuru. Mara ya nne ilifungua vita. Anayepanda kilima hicho baada ya kuzuru Waitangi huona sehemu zote mbili za hadithi: saini, na majuto ya aliyesaini.

Njia ya kupanda ina mwinuko. Mwenye magoti mabovu atosheke na ufuko, kanisa na nyumba ya misheni ya Pompallier, ambamo vitabu vya dini vilichapwa kwa Kimaori katika miaka ya 1840.

Baharini: mwamba wenye tundu

Ziara inayouzwa kwa wingi zaidi ni ile ya boti hadi Motukōkako, kisiwa cha mwamba karibu na rasi ya Brett, chenye tundu kubwa ambalo boti hupita ndani yake bahari inapokuwa shwari. Huchukua takriban nusu siku. Mandhari ni ya kupendeza, lakini mambo mawili yafahamike kabla ya kulipa.

Kwanza, kupita ndani ya tundu hakuna dhamana. Mawimbi yakiwa makubwa nahodha huzunguka nje tu. Huko ni bahari kuu, na anayechafukwa na bahari ndani ya meli kubwa atateseka zaidi ndani ya boti. Pili, pomboo. Zamani watalii walipelekwa kuogelea nao, hadi idadi ya pomboo wa ghuba hii ilipopungua kwa kiasi cha kutisha. Mwaka 2021 ghuba ilitangazwa kuwa hifadhi ya mamalia wa baharini, na kanuni zake zinataka vyombo na waogeleaji wakae umbali usiopungua mita 300. Tangazo lolote linaloahidi pomboo wa karibu au wa kuogelea nao hapa, basi, litiliwe shaka.

Nchi kavu: Kerikeri, Kawakawa na msitu wa Waipoua

Kerikeri iko umbali wa nusu saa hivi kwa gari kutoka Paihia. Ina nyumba ya misheni iliyokamilika mwaka 1822, jengo kongwe zaidi lililosalia New Zealand, na ghala la mawe lililojengwa kati ya 1832 na 1836. Yote mawili yako ukingoni mwa mto, mahali pazuri pa kupumzikia na watoto. Njiani yapo maporomoko ya Haruru, mapana kuliko yalivyo marefu. Yanatosha kwa picha na dakika 15.

Kawakawa, upande wa kusini, inajulikana kwa jambo lisilotarajiwa: vyoo vya umma. Vilibuniwa na msanii wa Austria, Friedensreich Hundertwasser, aliyeishi karibu na mji huo, na vilifunguliwa mwaka 1999. Vimejengwa kwa vigae vya rangi, chupa na nguzo zilizopinda, na mti umeachwa uote katikati. Ni mahali pa kupitia ukiwa njiani, lakini pekee hapatoshi kuwa ziara.

Msitu wa Waipoua ni suala jingine. Humo umo Tāne Mahuta, mti wa kauri wenye urefu wa mita 51 na mzingo wa karibu mita 14. (Kauri hii ni jina la mti kwa Kimaori, haina uhusiano na kauri ya pwani zetu.) Anayeuona huwa hausahau. Lakini ni kiasi cha saa mbili za gari kwenda na nyingine mbili kurudi, katika barabara zenye kona nyingi. Katika zile saa sita zetu, nne zimekwenda. Anayetaka kwenda aende kwa ziara ya meli tu, na akubali kuiacha Waitangi. Miti hiyo inashambuliwa na ugonjwa unaoenezwa kwa udongo, hivyo kila mgeni husafisha viatu kwenye kituo maalumu kabla na baada ya kutembea. Asiyesafisha anaweza kuua mti wa miaka elfu.

Rasi ya Reinga, ncha ya kaskazini, nayo huonekana katika vipeperushi. Ni zaidi ya kilomita 200 kwenda pekee. Kwa abiria wa meli, iachwe.

Ziara ya meli, mwendeshaji binafsi, au miguu yako?

Ziara inayouzwa na meli huwa ghali zaidi, na makundi yake ni makubwa. Unachonunua kwa ile tofauti ya bei ni dhamana: basi likiharibika njiani, meli huwangoja abiria wake au kampuni hugharamia kuwafikisha bandari inayofuata, na boti zisiposhusha watu, fedha hurudishwa bila kuombwa. Someni masharti ya kampuni yenu, lakini huo ndio utaratibu wa kawaida.

Mwendeshaji binafsi aghalabu ni nafuu, kundi lake ni dogo, na mara nyingi ni mwenyeji mwenye simulizi lisilopatikana kwenye basi kubwa. Hata hivyo ukichelewa, umechelewa. Kabla ya kumlipa, hakikisha mambo manne: anakupokea gati la Waitangi au la Paihia, maana si mahali pamoja, anaijua ratiba ya meli yenu kwa jina, anakurudisha saa ngapi, na anarudisha fedha kwa masharti gani.

Kanuni rahisi ni hii. Kadiri unavyokwenda mbali na gati, ndivyo inavyofaa zaidi kununua ziara ya meli. Waipoua: ziara ya meli. Kerikeri: yoyote kati ya mbili. Waitangi, Paihia na Russell: miguu, basi na kivuko. Familia ya watu sita inayofuata kanuni hii huokoa fedha nyingi bila kupoteza kilicho bora.

Wazee na watoto

Kupanda boti kutoka ubavuni mwa meli si sawa na kushuka ngazi za nyumba. Boti hupanda na kushuka na mawimbi, na abiria huvuka hatua moja akishikwa na mabaharia. Anayetumia kiti cha magurudumu na asiyeweza kupiga hatua peke yake huenda asiruhusiwe siku yenye mawimbi. Zungumzeni na ofisi ya meli mapema kabla ya siku yenyewe, wala msimwahidi mama au bibi jambo ambalo nahodha anaweza kulikataa asubuhi.

Ziara nyingi za meli huwekewa alama ya ugumu. Isomeni. Neno "wastani" katika vipeperushi laweza kuwa na maana ya kilomita tatu na ngazi nyingi. Waitangi ina njia nzuri lakini ni pana na ina miinuko. Watoto wadogo hupenda mtumbwi na onyesho kuliko majumba ya makumbusho. Anzeni na hivyo kabla hawajachoka.

Hati: jambo la kuhakikisha kabla ya kulipa

Raia wa Australia anayesafiri kwa pasipoti ya Australia hahitaji viza ya New Zealand. Mkaazi wa kudumu wa Australia asiye raia anahitaji idhini ya kielektroniki iitwayo NZeTA, inayoombwa kabla ya safari. Abiria wanaowasili kwa meli ya utalii hutumia NZeTA hata kama nchi yao kwa kawaida hudaiwa viza. Lakini anayekwenda New Zealand kwa ndege ili kuipanda meli huko yuko chini ya masharti mengine. Vilevile kila msafiri hujaza tamko la msafiri la New Zealand. Mwenye hati ya kusafiria ya mkimbizi aiulize kampuni ya meli pamoja na idara ya uhamiaji ya New Zealand, na apate jibu la maandishi, kabla ya kutoa hata malipo ya awali.

Kurudi Australia nako kuna masharti. Sheria ina vifungu maalumu kwa safari za meli za kwenda na kurudi, na matokeo yake hutegemea aina ya viza ya mtu. Mwenye viza ya muda au ya mpito asisikilize ya jirani aliyesafiri mwaka jana; apate ushauri wa wakala aliyesajiliwa au kituo cha msaada wa sheria. Mkaazi wa kudumu naye atazame tarehe: ruhusa ya kusafiri katika viza yake kwa kawaida hudumu miaka 5, na baada ya hapo huhitaji viza ya kurejea. Wengi hugundua kwamba imekwisha siku wanapotaka kusafiri.

Hapo ndipo kuchelewa boti kunapobadilika kutoka usumbufu kuwa tatizo kubwa. Aliyeachwa na meli hurudi kwa ndege, na kwenye kaunta ya ndege hataulizwa tiketi ya meli. Ataulizwa pasipoti na ruhusa halali ya kuingia Australia.

Mkoba wa kushukia

New Zealand inalinda kilimo chake kwa ukali. Matunda, nyama, samaki wakavu, asali, mbegu na vyakula vya nyumbani visishushwe. Hata ndizi uliyoichukua kwenye meza ya asubuhi inahesabika. Anayekutwa na kitu ambacho hakukitangaza anaweza kutozwa faini ya dola 400 za New Zealand papo hapo. Ombeni maji tu, na chakula mtanunua Paihia.

Bebeni kadi ya meli, kitambulisho chenye picha, nakala ya pasipoti na ya barua ya viza, dawa za siku mbili kwa anayezitumia, kadi ya benki, koti jepesi la mvua na kofia. Andikeni pia nambari ya simu ya wakala wa bandari, iliyo katika karatasi ya ratiba. Ikitokea mmechelewa, huyo ndiye wa kupigiwa kwanza. Mara nyingi meli humwachia pasipoti za waliobaki. Kutoka Paihia hadi Auckland ni mwendo wa takriban saa tatu na nusu kwa barabara, na ikiwa Auckland ndiyo bandari inayofuata, mambo bado yanaweza kuokolewa.

Bima ya safari isiachwe. Medicare hailipi gharama za kliniki ya meli ikiwa nje ya nchi, wala za kusafirishwa kwa ndege ya wagonjwa.

Ratiba moja inayowezekana

Kwa familia yenye wazee na watoto inayofika kwa mara ya kwanza, mpango huu unatosheleza: Waitangi kuanzia saa tatu na nusu hadi saa sita na nusu mchana, basi hadi Paihia na chakula, kivuko cha saa saba na nusu kwenda Russell kwa muda wa saa moja, kurudi Paihia kabla ya saa tisa na robo, na kupanda basi moja kwa moja hadi gati la Waitangi. Mvua ikinyesha au foleni ya asubuhi ikirefuka, kinachopunguzwa ni Russell, na Waitangi ibaki kama ilivyo.

Ratiba za vivuko na bei za tiketi hubadilika kwa msimu, na masharti ya uhamiaji hubadilika bila kungoja msimu. Yahakikisheni yote mawili katika tovuti rasmi mwezi mmoja kabla ya kuondoka, na tena wiki moja kabla.